MJADALA: Mwekezaji mwenye dhamiri aikimbie Kivu, au abaki?

Ndugu zangu wa Bukavu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Jumamosi iliyopita kwenye AVEC yetu hapa Kadutu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku liko mezani, kufuli zote tatu zimefunguliwa, tukakwama. Mwenzetu aliomba mkopo aongeze mtaji wa kununua kasiterite, madini ya bati, upande wa Walungu. Mama anayetunza ufunguo wa pili akaweka mkono juu ya mfuniko: "Kwanza atuambie mzigo unatoka shimo gani, na njiani anamlipa nani." Mwombaji alikasirika. Wengine wakasema riba ni riba.

Swali la yule mama ndilo uwekezaji wa kuwajibika kwa jamii: mbali na faida, unauliza pesa yako inafanya kazi gani huko iendako. Si jambo la jana. Mwaka 1758 Waquaker, dhehebu la Kikristo, wa Philadelphia waliwabana wenzao waliokuwa wakinunua na kuuza watumwa. Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea, Marekani ulianzishwa mfuko wa uwekezaji wa Pax World ili akiba za watu zisitengeneze silaha.

Mwekezaji akiona uchafu, ama anatoa pesa yake, ama anabaki na hisa zake na kuibana kampuni kwa kura. Mimi nasimama na wa pili. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu cha 1502 kinazitaka kampuni za kwenye soko lao la hisa zieleze kama madini ya kasiterite, koltani, wolframite na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zetu. Hakikukataza kununua. Septemba serikali yetu ikasimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Hata marufuku ilipoisha, wanunuzi wengi walikaa mbali, maana kutukwepa kulikuwa rahisi kuliko kufuatilia. Nilikuwa nauza vitenge, wateja wangu wake za wachimbaji. Asubuhi navitandaza, jioni navikunja vilevile. Na dhahabu iliendelea kupita kwa magendo, kwa sababu inaingia mfukoni.

Wa Bagira: Mama, heshima yako, lakini mimi nimekulia karibu na machimbo. Pesa ya hao waliobaki ndiyo iliyowalisha wenye bunduki. Huyo mwenye hisa akiuliza kutoka ng'ambo, nani atamjibu ukweli? Lebo ya gunia, ile inayosema mzigo umetoka wapi, inanunuliwa. Afrika Kusini ya ubaguzi ilibanwa miaka ya 1980 kwa watu kutoa pesa zao. Maswali peke yake yasingetosha.

Wa Ibanda: Na yule wa kasiterite, mkopo mlimpa?

Wa Kadutu: Ndugu wa Bagira, la Afrika Kusini ni zito, silikwepi. Lakini kule chama cha ANC na wapigania uhuru wenyewe ndio walioomba vikwazo, wakijua vitawauma. Sisi nani alikuja kutuuliza? Mchimbaji aliamka tu akakuta mnunuzi hayupo. Kuhusu lebo, hapo hasa ndipo ninapomtaka mwenye hisa abaki: aliyekwisha kuondoka hana tena haki ya kudai daftari lifunguliwe. Ila nakubali mpaka mmoja. Ikijulikana kampuni inawalipa wenye silaha, pesa itoke siku hiyohiyo, na sababu itangazwe ili na sisi tuisikie.

Na sisi wenyewe tusijione hatuhusiki. Kila wiki tunanunua hisa kwenye lile sanduku. Kama namdai tajiri wa Ulaya aulize, nami sina budi kuuliza.

Wa Ibanda, siku ile hakupewa. Jumamosi hii analeta karatasi zake na jina la shimo. Mama wa ufunguo wa pili atapanda naye hadi Walungu akaone, nauli tunailipa sisi.