Milioni Mbili na Nusu za Monduli

*Kikundi: Ukoo wa Temeke*

Mama Salum: Assalaam alaykum wanafamilia, poleni na majukumu. Nina jambo. Amejitokeza mtu anasema anaweza kumwingiza Salum kile chuo cha maafisa wa jeshi, Monduli, moja kwa moja kwenye uafisa. Anataka milioni mbili na nusu, nusu yake iwe imeingia kabla ya Ijumaa. Mimi nina laki sita. Naomba kila nyumba ichangie itakachojaaliwa.

Baba Zai (Tabata): Waalaykum salaam shemeji. Niandike laki moja, natuma jioni.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah, na sisi tupate afande wetu. Elfu hamsini kwangu.

Baba Mkubwa (Gongo la Mboto): Baba Zai usitume. Mwajuma usitume. Nasali kwanza, nikirudi naandika.

Mama Salum: Kaka, mtu mwenyewe kanitumia mpaka picha yake, kavaa kombati.

Baba Mkubwa: Kombati si kitambulisho. Subirini.

Baba Mkubwa: Nimerudi. Nitaandika kirefu, mnivumilie, jambo hili linanigusa.

Nafasi za jeshi hutangazwa na Jeshi lenyewe, hadharani, na mafunzo hayalipiwi. Kila zinapotangazwa, Jeshi linaonya watu kuhusu matapeli. Na kamisheni anaitoa Rais kwa mkono wake, kama Amiri Jeshi Mkuu. Huyo wa kwenye picha anamwingiza nani, wapi?

Lakini hata kama njia hiyo ingekuwepo, nisingekubali. Mimi nimestaafu nikiwa Afisa Mteule. Luteni sikuwahi kuwa, ila maluteni usu waliopita mikononi mwangu ni wengi. Kijana anatoka Monduli, nyota moja begani, anakabidhiwa platuni, watu thelathini hivi, wengine wana umri wa baba yake. Mimi sajini wake niko pembeni namwangalia. Tukirudi kwenye matembezi marefu ndipo unapomjua. Aliyefundwa hakai. Anapita kwa kila askari: vua buti, vua soksi. Anapiga goti anakagua nyayo, anabonyeza kisigino kwa kidole gumba. Akikuta lengelenge limepasuka anamwita mganga, anasubiri lifungwe, ndiyo anakwenda kwa mwingine. Chakula kikifika anasimama nyuma kabisa mpaka askari wa mwisho apakuliwe. Wali ukiisha, umeisha, yeye analala hivyo hivyo.

Sasa niambieni, aliyenunua nafasi atapiga goti kukagua miguu ya nani?

Salum: Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi hizo habari za hela nimezijua leo humu humu. Mama alichukua kopi za vyeti akasema ni za maombi.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Sijakulaumu, wala mama yako simlaumu. Anakutafutia.

Zai (Mlimani): Shikamooni wakubwa. Baba Mkubwa, Uingereza kununua uafisa kuliwahi kuwa halali kabisa. Bei zilipangwa na serikali: kuanzia cheo cha chini kabisa cha afisa wa jeshi la miguu ni pauni 450, luteni kanali pauni 4,500. Mwenye hela anamruka mwenzake aliyepigana miaka yote. Walikuja kufuta mwaka 1871.

Baba Zai (Tabata): Jeshi zima liliongozwa hivyo?

Zai (Mlimani): Hapana baba, ndiyo sehemu niliyoipenda. Mizinga na wahandisi hawakuuziwa. Hao walianzishiwa chuo Woolwich tangu 1741, wakasomeshwa hesabu. Mzinga ukikosea kipimo unaua watu wako mwenyewe, na hapo hela ya baba haisaidii. Kwa hiyo walijua muda wote kwamba kazi hii inasomewa, ila kwenye askari wa miguu wakaona haidhuru.

Baba Mkubwa: Zai umenifurahisha. Na kwa askari wa miguu ilidhuru, nakuhakikishia.

Shangazi Mwajuma: Kaka, mimi nasema ukweli wangu. Mnyonge bila kumjua mtu hapati kitu. Watoto wa wakubwa tunawaona.

Baba Mkubwa: Mwajuma, upendeleo upo duniani, siwezi kukuapia kwamba haupo. Ila mtazame Jenerali Musuguri. Mtoto wa Butiama, aliingia KAR, jeshi la mkoloni, mwaka 1942 askari wa kawaida. Miaka ile Mwafrika hakupewa nafasi ya kusomea uafisa, akapanda ngazi moja moja. Vita vya Kagera aliongoza divisheni, na 1980 akawa Mkuu wa Majeshi mpaka 1988. Alimjua nani?

Rehema (Magomeni): Jamani niko na Bibi, nimemsomea yote. Anataka kusema, naandika anavyosema.

Rehema (Magomeni): Bibi anasema: “Nyie hamkuwepo. Januari 1964, Jumatatu, tumeamka tunaambiwa wanajeshi wa kambi ya Colito wameasi, wamewafungia Wazungu wao. Maduka ya Kariakoo yakavunjwa, watu wanabeba majora ya kanga kichwani. Mama akatufungia ndani. Mwalimu hatukujua yuko wapi. Askari walidai mishahara, na walidai maafisa Waingereza waondoke, wawekwe Waafrika. Walikuwa na haki ya kudai, lakini walivyodai ilituponza sote.”

Baba Mkubwa: Bibi amesema kweli tupu. Colito ndiyo Lugalo ya leo, mnapita pale mkienda Tegeta. Ilikuwa tarehe 20. Tarehe 25 ikabidi Waingereza walewale waitwe, wakashuka kwa helikopta kutoka kwenye meli ya HMS Centaur. Nchi ina miaka miwili ya uhuru inaomba mkoloni aje kuwanyang’anya silaha askari wake! Ile aibu mimi naisikia mpaka leo, na wakati ule nilikuwa sijajua hata kusoma.

Mzizi wake ni huo huo tunaouzungumza. Maafisa Waafrika waliosomeshwa walikuwa wachache mno. Sarakikya alikuwa miongoni mwa wale wachache waliopelekwa Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza. JWTZ, jeshi letu jipya, ilipoundwa Septemba mosi mwaka ule, Mwalimu akamkabidhi yeye, kijana wa miaka thelathini. Taifa likaanza kutafuta namna ya kuandaa maafisa wake lenyewe, nyumbani. Monduli imetoka kwenye jeraha hilo. Ndiyo maana mtu akiniuzia Monduli damu inanichemka.

Mama Salum: Basi kaka nimekuelewa. Sasa mtoto afanyeje? Akae tu?

Baba Mkubwa: Asikae. Salum, kwani wewe uafisa unautakia nini?

Salum: Nilipokuwa JKT kwa mujibu wa sheria, kulikuwa na luteni mmoja alikuwa akitufundisha kusoma ramani. Mvua inanyesha, ramani ameifunika nailoni, anatuuliza kila mmoja: hapa uko wapi? Ukikosea hakutukani, anakurudisha ulikotoka mnahesabu hatua pamoja. Niliona hii ndiyo kazi ninayoitaka. Nimesoma habari za vyuo vya nje pia. West Point ya Marekani ipo tangu 1802, miaka minne na unatoka na digrii. Sandhurst ni wiki 44. Na Monduli sasa kuna shahada ya sayansi ya kijeshi.

Baba Mkubwa: Hilo ndilo jibu. Ukifika chuoni, ramani utaiona kwa sura nyingine. Wanatengeneza ardhi kwa mchanga: kilima cha udongo, mto ni kamba, njia ni majivu. Unasimama na fimbo unatoa amri: adui yuko wapi, nani anatangulia, majeruhi wanapelekwa wapi. Mkufunzi anakukatiza: daraja limevunjwa, redio imekufa, una dakika kumi. Wenzako wote wanakutazama.

Zai (Mlimani): Na wasichana je? West Point walianza kuwachukua 1976.

Baba Mkubwa: Monduli wapo, na wanapewa kamisheni kama wenzao. Ukitaka na wewe njoo.

Mama Salum: Kaka, kanipigia sasa hivi. Anasema leo ndiyo mwisho, nafasi anampa mwingine.

Baba Mkubwa: Usimjibu tena. Ujumbe wake na namba usivifute. Kesho saa mbili nakupitia twende polisi, yupo mama mwingine sasa hivi anauza cherehani ili amtumie huyo huyo. Salum, vyeti halisi viko wapi?

Salum: Kabatini kwa Mama. Alizonazo yule mtu ni kopi.

Baba Mkubwa: Vitoe, viweke kwenye bahasha na cheti chako cha JKT. Jumamosi alfajiri uje Gongo la Mboto na raba, tunaanza kukimbia. Tangazo likitoka tutajaza fomu wote wawili, hapa kwangu mezani.

Baba Zai (Tabata): Ile laki moja basi namnunulia hizo raba.