SOP ya giemsa: tuandike kampuni na loti namba au jina la kitendanishi tu?

slaidi_nene
Habari zenu wakuu. Niko maabara ya kituo cha afya, tunajiandaa na ukaguzi na mimi nimepewa SOP (maandishi ya utaratibu wa kazi hatua kwa hatua) ya kupima malaria kwa darubini niipitie. Sehemu ya vitendanishi (kemikali za kupimia) na vifaa imeandikwa "Giemsa, methanoli, maji, slaidi, glavu", basi, hamna kingine; giemsa ndiyo ile rangi ya kupaka slaidi vimelea vionekane. Mwenzangu anataka tuweke kila kitu, kampuni, katalogi namba (namba ya kuagizia bidhaa), loti (namba ya kundi lililotengenezwa pamoja), eksipaya (tarehe ya kuisha muda). Mimi naona hapo kila mzigo ukiingia tunairudia SOP na kuitafutia sahihi upya, na mizigo yenyewe leo kampuni hii kesho ile. Nyie mnafanyaje?

bafa_saba
Loti na eksipaya havikai kwenye SOP mkuu, hivyo ni vya daftari. SOP inasema unahitaji kitu gani chenye sifa gani, daftari linasema siku ile ulitumia kipi. Ila hiyo orodha yenu nayo ni "chumvi kiasi" kabisa 😂 Giemsa ya unga au stoku (rangi nzito ya kuzimuliwa) iliyokwisha tengenezwa? Maji gani? Andika stoku ya giemsa, chupa ya kahawia, mbali na jua, methanoli isiyo na maji, bafa (maji ya kuzimulia yanayoshikilia pH, yaani kiwango cha asidi) ya pH 7.2, silinda ya kupimia, kipima pH, taima. Na hakikisha orodha inakubaliana na hatua, giemsa ya asilimia 10 slaidi inakaa dakika 10 mpaka 15, asilimia 3 ni dakika 45 mpaka 60. Nimewahi kuona SOP orodha inasema 3 hatua zinasema dakika 10, slaidi zinatoka zimepauka watu wanalaumu darubini.

mama_stoo
Kuhusu daftari, ISO 15189 ya 2022 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba) kifungu cha 6.6 imeshasema: jina, mtengenezaji, loti, tarehe ya kupokea, eksipaya, tarehe ya kuanza kutumia na ya kuacha, pamoja na ushahidi kwamba mlikijaribu kabla ya kukitumia kwa wagonjwa. Mkitengeneza wenyewe ongezeni nani katengeneza, lini, kinaisha lini. Kwa giemsa hapo kwenye kujaribu ni kupaka rangi slaidi mnayojua ina vimelea na nyingine mnayojua haina, matokeo yaandikwe, siyo "iko poa" kwa mdomo. Halafu tarehe ya kufungua jamani! Methanoli inavuta unyevu, ile eksipaya ya kiwandani ni ya chupa iliyofungwa, ukiiacha wazi wazi seli nyekundu za slaidi nyembamba zinaharibika hata kama lebo inasema bado mwaka mzima.

dirisha_la_damu
Naongezea, kampuni usiifute kila mahali. Giemsa sawa, lakini vipimo vya haraka vya HIV jina la kiti (seti ya kipimo ya kampuni fulani) lazima liwemo, Determine unasoma kuanzia dakika 15, Uni-Gold dakika 10, bafa zao haziazimani. Kiti ikibadilika utaratibu wenyewe umebadilika, hapo SOP inarudiwa na watu wanafundishwa upya, hakuna njia ya mkato.

slaidi_nene
Asanteni sana. Katalogi namba je, nikiweka kwenye kiambatisho inafaa?

bafa_saba
Inafaa, kiambatisho unabadilisha peke yake.

mama_stoo
Mimi sikubali, kiambatisho nacho ni waraka unaodhibitiwa, kina toleo na sahihi yake, umehamisha usumbufu tu. Katalogi namba iko kwenye orodha ya kuagizia stoo, kwenye SOP taja jina la hiyo orodha.

slaidi_nene
Hapo mmenigawa 😅 Na maji? Sisi tunatumia ya chupa ya dukani.

bafa_saba
Hayo ya dukani yana madini na pH yake inategemea kampuni, ndiyo maana rangi leo bluu kesho pinki. Andika maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukarudi maji), yape mstari wake kama kitendanishi kingine, na kila ukitengeneza bafa pima pH uandike namba uliyoisoma, siyo kuweka tiki.

slaidi_nene
Kipima pH chetu hakina bafa za kukikalibreti (kuhakiki kama kinasoma sawa)...

mama_stoo
Basi hizo bafa ndiyo ziwe za kwanza kwenye oda. Mkaguzi akiona pH 7.2 kila siku bila rekodi ya kalibresheni atauliza hilo kabla ya giemsa.