Kampuni ikitangaza hisa mpya, kikoba kikimbilie kununua?

Mleta mada, Kirumba: Wadau, kikoba chetu cha wauza dagaa hapa mwaloni kimegawanyika. Kuna kampuni imetangaza hisa mpya, mweka hazina anataka akiba yote iende huko. Mimi nimegoma.

Mwaka 1995 watafiti wa mambo ya fedha, Tim Loughran na Jay Ritter, walichambua kampuni za Marekani zilizouza hisa kati ya 1970 na 1990. Aliyenunua za kampuni iliyoingia sokoni mara ya kwanza akazishika miaka mitano alipata wastani wa asilimia 5 kwa mwaka. Kwa zile zilizokuwa sokoni tayari zikaongeza hisa, asilimia 7. Mwenzako akiweka 100 kwenye kampuni za ukubwa huohuo ambazo hazikuuza kitu, wewe ulihitaji 144 kwenye hizi zilizouza ili mlingane mwishoni.

Mbona tunalijua hilo? Mwenye boti huleta boti yake sokoni dagaa wakiwa wamechanganya na wanunuzi wanagombania. Muulize kwa nini haingii ziwani mwenyewe, atakwambia ada za watoto. Usiku wa kwanza wa giza ndipo unagundua injini inakunywa mafuta kuliko basi la mkoani.

Nyegezi: Kaka, Marekani ya 1970 unaileta Kirumba? Soko la hisa la Dar es Salaam lenyewe limeanza biashara 1998. Hisa ya benki ya NMB iliuzwa shilingi 600 mwaka 2008, leo ni maelfu, na gawio juu. Shangazi yangu anapaua nyumba Buhongwa kwa hizohizo.

Igoma: Hongera kwa shangazi, ila mfano umekosea njia. Pale serikali ndiyo iliuza hisa zake. Benki haikutoa mpya. Nawe mleta mada, boti yako inavuja: Vodacom waliuza kwa 850 mwaka 2017 kwa sababu sheria iliwataka wauze asilimia 25. Hawakuvizia msimu, na bado bei ilikuja kushuka chini ya 850.

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi tuseme wengine wanavizia msimu, wengine bei inapangwa juu tangu mwanzo. Kwetu sisi hasara ni ileile. Jana nimesoma waraka wa hii kampuni, sehemu ya matumizi ya fedha. Nyingi zinakwenda kulipa mkopo wa benki, mtambo mpya umepewa mistari miwili. Nimeuweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Mweka hazina kajibu kwa dole gumba, hajaufungua.