Mama anatoka Kigoma kwenda Marekani: kipimo cha korona cha "siku moja" kinahesabiwaje? (Mjadala wa Januari 2022; Marekani iliondoa sharti la kipimo Juni 2022 na la chanjo Mei 2023)

Mwana_Ujiji
Wakuu, naomba msaada. Mama yuko Ujiji, anakwenda Marekani kumwona dada, viza ya kutembelea. Ndege inaondoka Dar Alhamisi 20 Januari 2022, tiketi imeandikwa 03:30, anaunganisha Addis Ababa. Amechanjwa chanjo ya korona ya Janssen tarehe 8 Januari. Tunataka apimwe korona Kigoma Jumatatu, kisha apande treni na cheti mkononi. Itatosha?

Mkata_Tiketi
Haitatosha ndugu yangu, na tatizo la kwanza wala si kipimo, ni chanjo. Janssen ni dozi moja, lakini Marekani wanataka siku 14 zipite. Aliyechanjwa tarehe 8 anakubalika kuanzia tarehe 22. Tarehe 20 atazuiwa kaunta hapohapo Dar. Msamaha wa nchi zenye uhaba wa chanjo hauwahusu wenye viza ya B-1/B-2, yaani ya biashara au kutembelea kama ya mama, msiutegemee. Sogezeni safari.

Tuseme mmepata Jumapili tarehe 23, saa ileile. Tangu 6 Desemba 2021 kipimo ni cha siku moja kabla ya ndege kuondoka, na wanahesabu tarehe, si saa 24. Hapa ndipo wengi wanapokosea: 03:30 ya Jumapili ni saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Nyumbani mtasema "anaondoka Jumamosi usiku", tiketi inasema Jumapili. Basi sampuli ichukuliwe Jumamosi, saa yoyote. Ya Ijumaa saa tano usiku haikubaliki.

Tiketi ibaki moja mpaka mwisho wa safari. Ikiwa moja, na kila kusubiri hakuzidi saa 24, hesabu inaanzia ndege ya kwanza, ya Dar. Mkikata mbili mbalimbali, hesabu inaanzia ndege inayoingia Marekani, na kipimo cha Dar kinaweza kupitwa na tarehe mama akiwa Addis.

Meza_ya_Sampuli
Treni na kipimo cha siku moja haviendi pamoja. Mama afike Dar siku mbili tatu kabla, apumzike, apimwe hukohuko. Mjisajili mtandaoni mapema, mlipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mwulize kituo majibu hutoka baada ya saa ngapi. Marekani wanapokea PCR (kipimo cha maabara, majibu yake huchelewa) na kipimo cha haraka cha antijeni pia. Kwa muda mfupi kama huu, antijeni ina usalama zaidi kama kituo kinatoa cheti chake.

Akipewa cheti asiondoke dirishani kabla ya kukisoma. Kiwe na jina kama la pasipoti, namba ya pasipoti au tarehe ya kuzaliwa, aina ya kipimo, jina la kituo, jibu, na tarehe ya kuchukuliwa sampuli. Vyeti vingine huonyesha tarehe ya majibu tu, na msafiri anakwama nayo uwanjani. Mwezi uandikwe kwa herufi: 02/03 kwetu ni tarehe 2 Machi, Mmarekani anasoma 3 Februari.

Mwana_Ujiji
Mungu awabariki. Kadi ya chanjo imeandikwa majina mawili, pasipoti ina matatu.

Meza_ya_Sampuli
Rudini kituo alichochanjiwa na pasipoti, warekebishe wakati mama bado yuko Kigoma. Akishafika Dar itakuwa kazi.

Mkata_Tiketi
Mengine mawili. Akikutwa na maambukizi, hasafiri. Hifadhini cheti hicho. Akipona, ndani ya siku 90 anaweza kusafiri kwa cheti hicho pamoja na barua ya daktari inayosema yuko salama kusafiri, bila kupimwa tena.

Na wakati wa kurudi: akikaa uwanja wa Addis zaidi ya saa 12, Tanzania itamdai kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa baada ya siku 10, kwa hiyo achanjwe kabla hajaondoka.