Ng'ombe wameshuka mnadani, mbona nashindwa kushusha bei ya nyama?

Kijana_wa_Cheyo: Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nina bucha hapa Tabora mjini, mwaka wa pili huu. Mwezi wa sita nilinunua dume kwa 1,100,000. Sasa kiangazi kimekaza, nampata kwa 850,000. Jana mama mmoja, mteja wangu wa kila wiki, ameniuliza: "Mwanangu, ng'ombe wameshuka, mbona wewe uko palepale elfu kumi?" Nilikosa jibu na imeniuma, maana simwibii. Faida yenyewe siioni. Nakosea wapi?

Mfugaji_Igunga: Umetaja bei, hujataja kilo. Kila mmoja alitoa nyama kiasi gani?

Kijana_wa_Cheyo: Yule 130. Huyu wa juzi 98, mbavu zilikuwa zinahesabika.

Mfugaji_Igunga: Basi gawanya, mdogo wangu. Yule nyama yake ilikugharimu kama 8,460 kwa kilo. Huyu ni kama 8,670. Wa bei rahisi ndiye ghali! Ng'ombe wetu wa asili akinona hutoa karibu nusu ya uzito wake. Akikonda hafiki hapo, kwa sababu kichwa, kwato na ngozi havipungui kama minofu. Halafu ushuru, usafiri na mchinjaji unalipia kwa kila ng'ombe, si kwa kilo. Na sisi hatuuzi kwa kupenda, majani yamekwisha.

Mama_Ujiji: Poleni, lakini na sisi walaji tusikilizwe. Huku Kigoma ng'ombe akipanda leo, kesho bucha limepandisha. Akishuka, miezi inapita. Mimi nyama ikinishinda nangoja giza la mwezi, dagaa wakijaa mwaloni nanunua hao. Wanangu wakishazoea, buchani sirudi upesi.

Bucha_Nzega: Mama kasema kweli, mteja akihama kumrudisha ni kazi. Kijana, acha kununua kwa macho. Mimi napatana na mchuuzi nimlipe kwa kilo baada ya kuchinja, mizani tukiiangalia wote wawili. Dume akikonda, hasara hainiangukii peke yangu. Ila kumbuka nyama ikilala imening'inia inapoteza maji. Ukipima 98 jioni, asubuhi huuzi 98.

Kijana_wa_Cheyo: Hilo la maji sikuwahi kulihesabu kabisa. Yule mama akija nitamfungulia daftari aone mwenyewe. Mkuu wa Nzega, huyo mchuuzi anayekubali kilo anapatikana mnada gani?

Bucha_Nzega: Nitafute pembeni nikupe namba yake. Uende na mizani yako.