Mafundi wa baskeli Unguja, kaseti haitolewi kwa tindo!

Wadau, nina hasira na leo lazima niseme. Spoki moja tu ilikatika, ringi ya nyuma, upande wa cheni. Pahala penyewe huwezi kutia nyengine mpaka kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, itoke. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, jina simtaji. Nilimuuliza wazi: ufunguo wa kaseti unao? "Wacha hapa bwana, kazi ndogo hiyo."

Jioni nakwenda kuchukua, nakuta gia kubwa imepinda, ina makovu ya tindo upande mmoja. Nati ya kufungia ameitafuna mpaka ikatoka vipande. Bodi ya frihabu, ile sehemu ya katikati ya ringi inayobeba kaseti, imepasuka ukingoni, na vikucha vya ndani havishiki, ukikanyaga pedeli inazunguka bure. Na kaseti bado imo! Spoki hakutia. Halafu ananidai ujira!

Jamani, kaseti si friwili. Friwili, ile gia ya nyuma ya baskeli za Phoenix, imekazwa kwa nyuzi kama skrubu, ndiyo maana mafundi wetu wamezoea kuigonga kwa tindo kinyume mpaka ilegee. Kaseti haina nyuzi, imechomekwa tu kwenye mifereji ya bodi. Bodi nyingi nyepesi ni za alumini na gia ni za chuma, sasa kila ukikanyaga kwa nguvu, zile gia nyembamba zinaikata alumini na kujichimbia humo. Tia na chumvi ya bahari hii yetu, chuma na alumini vinashikana kama vimeungwa. Gia imeng'ata ubavuni, wewe unaipiga kwa nyuma! Itapinda, au itaondoka na bodi.

Njia yake inajulikana. Nati inafunguliwa kwa ufunguo wake. Kisha unashika mikono miwili ya chuma, vifaa vyenye vipande vya cheni: mmoja unazuia gia kubwa isirudi nyuma, wa pili unairudisha kinyumenyume ile iliyong'ata, kidogo tu, mpaka ijinasue kwenye mkato wake. Hapo unaivuta kwa mkono. Halafu inayofuata. Ukimaliza unapitisha tupa bapa kulainisha ile mikato, unapaka grisi, na wakati wa kurejesha unakaza nati kwa kipimo cha Nm 40 (nyutonmita). Kazi ya subira, nguvu wala haitakiwi nyingi.

Asiyekuwa na vifaa hivi aseme sina, mtu achukue ringi yake aende zake. Kwani kusema sina kunapunguza nini? Baskeli ndiyo inayonipeleka kazini kutoka Bububu, sasa kila siku nalipa daladala kwa uharibifu wa mtu mwengine.

Nimemwambia bodi mpya atanunua yeye, na ya chuma, na ujira sitoi hata shilingi. Anasema nilimpelekea kitu kibovu. Kibovu kilikuwa spoki!

Mwenye mikono ya cheni na ufunguo wa kaseti, Unguja au hata Pemba, aniandikie hapa chini mtaa alipo. Nitamfuata.