Naomba ushauri: mashati ya marehemu baba kushonea blanketi la viraka

Habarini wapendwa. Mama amenikabidhi mashati ya marehemu baba, nataka nimshonee blanketi la viraka na sitaki niharibu hata moja maana hayapatikani tena haya. Mengi ni pamba, yamefuliwa miaka na miaka kwahiyo kurudi yamesharudi, ila kitambaa cha upande wa nyuma nanunua kipya, na pamba mpya inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, sasa nafikiri nikifue na kukipiga pasi kabla sijakata, niko sahihi?

Kinachoniumiza kichwa ni shati moja jekundu. Nimelisugua na kitambaa cheupe kilicholowa, kikatoka na upinki. Nililoweke na kusuuza mpaka maji yatoke meupe ndo nikate, au nyekundu haiaminiki kabisa pembeni ya vipande vyeupe? Kuna wanaosema chumvi na siki zinashika rangi, ila kwa rangi za viwandani za siku hizi mi sioni kama zinasaidia.

Alafu kuna fulana zake, zinavutika balaa. Nasikia unabandika kwa nyuma kile kitambaa chembamba cha gundi kwa pasi ndo unakata, mliowahi kufanya hivyo blanketi halikukakamaa? Na sehemu zilizochakaa za kola na viwiko mnazitupa au mnazitia kitambaa kingine kwa chini? Mi natamani zibaki, ndo zinazomkumbusha mama zaidi.

Mkasi siugusi mpaka nisikie kwenu, asanteni.